Daftari la Samaki: Kisa cha Programu Mbili kwenye Bandari Moja ya Lamu

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari ya LAPSSET, mradi mkubwa wa kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Wavuvi waliohesabiwa walikuwa takriban 4,600. Kushinda kesi ni jambo moja, kugawa pesa ni jambo jingine, na hapo watu walianza kuulizana: mvuvi ni nani, na ataonyesha nini kuthibitisha kwamba alikuwa akivua pale, na akipata kiasi gani, kabla mitambo haijaanza kuchimba? Mwenye boti ana karatasi za boti. Baharia anayepewa fungu lake jioni akaenda zake nyumbani hana kitu mkononi. Mama anayetafuta pweza miambani maji yakikupwa hana hata chombo cha kuandikisha.

Kwa hiyo daftari la samaki, ambalo kwa miaka mingi lilionekana kazi ya kumridhisha afisa wa uvuvi tu, likaanza kutazamwa kama hati ya haki. Kisa ninachokichambua hapa ni cha bandari moja ndogo ya wavuvi katika visiwa vya Lamu iliyojaribu kulihamishia daftari hilo kwenye simu, mara mbili, kwa programu mbili tofauti. Bandari yenyewe siitaji. Baadhi ya waliohusika bado wanagombea uongozi wa kamati, na sitaki maneno yangu yawe ya kampeni. Mimi nilikuwa mtu wa kompyuta aliyeitwa kutoa rai. Mradi haukuwa wangu.

Kanuni za BMU (Beach Management Units, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe) za mwaka 2007 ndizo zilizowapa wavuvi wa kila bandari kamati yao, na miongoni mwa kazi za kamati ni kuweka kumbukumbu za samaki wanaoshushwa. Karani wa bandari hii alikuwa akiandika kwenye daftari kubwa la mistari: tarehe, chombo, nahodha, aina ya samaki, kilo, bei. Mwandiko wake ni wa kupendeza, na hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba vyombo huingia kwa pamoja maji yakijaa, karani ni mmoja, mizani ni moja, na tajiri, yaani mnunuzi wa samaki, anataka samaki wake waingie kwenye barafu saa hiyo hiyo. Nusu ya kinachoandikwa ni makisio ya baada ya swala ya magharibi. Mwisho wa mwezi jumla hupigwa kwa mkono, nakala hupelekwa kwa afisa, na daftari lililojaa hutupwa juu ya kabati, ambako unyevu na chumvi humalizia kazi.

Programu ya kwanza

Programu ya kwanza ililetwa na mradi mmoja wa uhifadhi wa bahari. Ilikuja na simu zake, mafunzo, na posho ya wakusanyaji. Wavuvi hawakutoa hata senti. Nalitaja hili mapema kwa sababu watetezi wengi wa programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, huanza hoja yao kwa bei: leseni za kampuni ni ghali, yetu huna haja ya kununua. Katika bandari hii hoja hiyo haina mguu wa kusimamia. Programu iliyofungwa ndiyo iliyoletwa bila malipo, na ile huria ndiyo iliyokuja kuwagharimu. Ukitaka kuelewa kwa nini hatimaye waliichagua ya pili, bei iweke kando.

Kwa muda, programu ya kwanza ilifanya kazi yake. Lakini orodha ya samaki ilikuwa kwa majina ya kisayansi na ya Kiingereza, na karani, ambaye anamjua samaki kwa kumwona mkia tu, akawa anabonyeza "wengineo" siku nzima. Ilitaka pia mahali hasa pa kuvulia kwa GPS, na bila hapo fomu haikubali kufungwa. Mabaharia wakagundua hila: wanakubali kupimwa GPS wakiwa wamesharudi, wamesimama gatini. Ramani ya mradi ikaonyesha kwamba samaki wote wa eneo lile wanavuliwa kwenye ngazi za gati. Sijui kama kuna aliyeiangalia kwa makini.

Kila marekebisho yalipaswa kuombwa kwa kampuni iliyotengeneza, kupitia ofisi ya mradi, na jibu likawa kwamba jambo hilo litazingatiwa kwenye toleo lijalo. Toleo lijalo halikuwahi kufika bandarini. Muda wa mradi ulikwisha, malipo ya seva, kompyuta ya mbali iliyohifadhi data, yakakoma, na siku moja simu zikaanza kukataa kuingia. Kamati ilipoomba data yao ilipewa ripoti iliyochapishwa, yenye chati za rangi na picha ya machweo kwenye jalada. Rekodi zenyewe, za chombo kwa chombo na siku kwa siku, hawakupewa. Zilikuwa kwenye muundo wa kampuni, ndani ya seva ya kampuni, chini ya mkataba ambao kamati haikuwa mmoja wa waliotia sahihi.

Hakuna aliyewaibia, na hilo ndilo jambo la kushika. Mradi ulitimiza ahadi zake kwa mfadhili. Kampuni ilitimiza mkataba wake na mradi. Wavuvi hawakuwa na mkataba na yeyote, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumlalamikia. Programu ambayo msimbo wake umefungwa, data yake haisomeki kwingine na seva yake inalipiwa na mgeni, humfanya mwenye bandari kuwa mpangaji asiye na hati. Mwenye nyumba akihama, vyombo vinabaki ndani.

Nasaba ya programu ya pili

Aliyeleta wazo la pili ni kijana wa pale pale, ambaye alikuwa amefanya vibarua vya kukusanya takwimu za tafiti mbalimbali pwani. Katika vibarua hivyo alizoea KoboToolbox, programu huria ya kukusanya data kwa fomu za simu, na alijua kwamba fomu zake mtu huziunda mwenyewe. Wazee walimsikiliza kwa shaka waliyokwisha kuilipia.

Nasaba ya programu hii inafaa kuelezwa kirefu kidogo. Mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, Profesa Gaetano Borriello na wanafunzi wake, wakiwemo Yaw Anokwa, Carl Hartung na Waylon Brunette, walianza kutengeneza zana za kukusanya data kwa simu za Android, ambazo wakati huo ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia sokoni. Waliziita Open Data Kit, leo ODK. Mambo mawili waliyoyaamua yamegusa hadi gati la Lamu. La kwanza, simu isitegemee mtandao: fomu ijazwe popote, ikae kwenye simu, itumwe mtandao ukipatikana. La pili ni leseni ya Apache, inayomruhusu mtu yeyote kuuchukua msimbo, kuubadilisha, hata kuutia ndani ya bidhaa ya kuuza, ilimradi abakishe leseni na tangazo la hakimiliki. Kati ya waliozitumia mapema ni AMPATH, mpango wa afya wenye makao Eldoret, uliozipeleka nyumba kwa nyumba katika ushauri na upimaji wa virusi vya Ukimwi.

Kisha matawi yakachipuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitengeneza formhub, seva ya kupokea fomu za aina ya ODK. Ilipendwa na wengi, halafu kasi ya kuitunza ikapungua. Ingekuwa ya kampuni, habari ingeishia hapo, na waliokuwa wakiitegemea wangebaki na chati za rangi kama wavuvi wetu. Lakini msimbo ulikuwa wazi. Ona, kampuni yenye ofisi Nairobi, iliuchukua ikauendeleza kivyake. KoboToolbox, iliyolelewa na Harvard Humanitarian Initiative, nayo iliuchukua ikauendeleza kivyake. Wengine walitoka na ODK yenyewe wakatengeneza SurveyCTO, huduma ya kulipia, na leseni ya Apache haikuwazuia. Borriello alifariki mwaka 2015. ODK ikatoka chuoni na bado inaendelea kutengenezwa.

Leseni za matawi haya hazifanani. Kobo walichagua AGPL kwa seva yao, leseni inayosema kwamba ukiibadilisha programu na kuwahudumia watu nayo kupitia mtandao, lazima uwape watumiaji hao msimbo uliobadilishwa. Apache haina sharti hilo. Watu wa programu wanaweza kubishana usiku kucha ni ipi bora. Kwa mvuvi ubishi huo hauna uzito sana. Chenye uzito ni kwamba matawi yote haya yanazungumza muundo mmoja wa fomu. Nyuma yake kuna XForms, kiwango kilichopitishwa mwaka 2003 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, na mbele yake kuna jedwali la kawaida ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua. Karatasi moja ya jedwali ina maswali, nyingine ina majibu ya kuchagua. Ukilipeleka kwa Kobo litakubali. Ukilipeleka kwa ODK au kwa Ona litakubali pia, pengine kwa marekebisho madogo. Fomu ya bandari ni faili dogo linaloingia kwenye flashi, na aliyeliandika ni mtu anayeishi nyuma ya msikiti.

Jedwali lenyewe lilitengenezwa kwa LibreOffice, programu huria ya ofisi, kwenye laptopu kuukuu. Yule kijana hakufanya hivyo kwa itikadi. Ilikuwamo tu.

Fomu kutengenezwa barazani

Kazi kubwa haikufanyika kwenye kompyuta. Ilifanyika barazani, na ilichukua muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia, kwa sababu kila swali la fomu lilikuwa na mgogoro wake.

Kwenye samaki mambo yalikwenda vizuri. Jedwali linaruhusu kila jibu liwe na sura mbili: alama isiyobadilika inayohifadhiwa kwenye data, na jina linaloonekana kwenye kioo, ambalo unaweza kulibadilisha utakavyo bila kuvuruga rekodi za nyuma. Unaweza pia kuweka picha. Basi tafi akawekwa kwa picha yake, changu kwa aina zake tatu nne ambazo karani alizitaka zitenganishwe, kolekole, tewa, pono, nguru, mkizi, taa, papa, pweza, ngisi, kamba wa mawe. Nyuma ya kila picha kulikuwa na alama inayolingana na jina la kisayansi, ili afisa wa uvuvi au mtafiti asipate shida. Karani hakubonyeza tena "wengineo" isipokuwa pale aliposhindwa kweli, na siku hizo alipiga picha.

Kipimo nacho. Mradi wa kwanza ulilazimisha kilo. Gatini samaki wadogo huuzwa kwa mtungo, wengine kwa ndoo, wakubwa tu ndio hupandishwa mizani. Ukimlazimisha karani aandike kilo atakisia, na kisio la kila mtu lina ukubwa wake. Fomu mpya iliuliza kwanza kipimo kilichotumika, halafu idadi. Mara kwa mara mtungo mmoja hupimwa ili uzito wake ujulikane, na hesabu ya kugeuza hufanywa baadaye kwenye jedwali. Ni jambo dogo sana, na ndilo lililoifanya data iaminike.

Bei ililiwa na matajiri. Hawakutaka ijulikane tajiri fulani amenunua kwa kiasi gani kwa nahodha fulani, na kwa vile mabaharia wengi wana deni kwao la injini au nyavu, kamati haikuthubutu. Swali likaondolewa. Badala yake karani huandika bei ya siku ya kila aina, bila jina la mnunuzi. Kwa maoni yangu hapo wavuvi walipoteza, kwa sababu bei ndiyo ingewaonyesha wanavyonyonywa. Lakini fomu haiwezi kushinda vita ambavyo bandari yenyewe haijavipigana.

Kisha mahali. Kijana alieleza kwamba kesi ya fidia ilihusu maeneo ya kuvulia, hivyo rekodi yenye alama ya GPS ingekuwa ushahidi wa nguvu. Nahodha mmoja mzee akamjibu.

"Mwanangu, mwamba wangu nilionyeshwa na baba yangu, naye alionyeshwa na babake. Leo niupe simu?"

"Simu haisemi, ami."

"Kama haisemi, kazi yake nini?"

Baraza lilicheka, lakini hoja ilikuwa nzito, na hakuna aliyeijibu siku hiyo. Mwamba ambao alama yake imehifadhiwa ni mwamba ambao siku moja mtu mwenye injini kubwa na nyavu ya kuzungushia atauotea. Baada ya mabishano ya mikutano kadhaa, walikubaliana kuigawa bahari yao katika sehemu pana, zile ambazo kila mtu huzitaja kwa jina, na nahodha ataje sehemu tu. Kufuta swali la GPS na kuweka orodha ya sehemu kulikuwa ni kufuta mstari mmoja wa jedwali na kuandika mingine michache. Kwenye programu ya kwanza jambo hilo hilo liliombwa na halikupatikana.

Mimi niliongeza moja tu: picha za simu nazo huweza kubeba alama ya mahali zilipopigwa, kama kamera imeachwa hivyo. Wakazima mpangilio huo kwenye simu zote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazungumzia taarifa za watu, haizungumzii siri za miamba, kwa hiyo ulinzi wa mwamba ulibaki mikononi mwa fomu yenyewe na aliyeiandika.

Je, walipunguza nguvu ya ushahidi wao? Ndiyo. Wakili angependa alama za GPS, na mtafiti angesema sehemu pana mno hazimsaidii kujua ni mwamba gani unaochoka. Wote wangekuwa na haki. Lakini uamuzi ulifanywa na watu ambao ndio watakaobeba hasara ukienda vibaya, na waliweza kuutekeleza siku ile ile. Mijadala ya programu huria huwa na maneno mengi kuhusu haki ya kusoma na kubadilisha msimbo. Katika bandari hii hakuna aliyewahi kuufungua msimbo wa Kobo hata mara moja, wala sidhani atatokea karibuni. Uhuru walioutumia ulikuwa wa fomu, na wa fomu ulitosha.

Paswadi ilipokwenda Doha

Mfumo ulikwenda vizuri msimu mzima wa kaskazi. Kusi ilipoingia na vyombo vikapungua, kijana akapata kazi Doha, akaondoka kwa haraka kama wanavyoondoka wengi. Akaunti ya Kobo ilikuwa imefunguliwa kwa barua pepe yake mwenyewe. Namba yake ya Kenya ikafungwa, barua pepe nayo ilikuwa imefungamanishwa na namba hiyo, na alipopatikana kwenye simu baada ya wiki kadhaa, naye hakuweza kuingia.

Hapa nataka kusema jambo ambalo wapenzi wenzangu wa programu huria hawapendi kulisikia. Leseni haikuwasaidia. Programu ingeweza kuwa chini ya leseni nzuri kuliko zote duniani, na bado bandari ingekuwa imefungiwa nje ya data yake na mtu mmoja, safari hii mtoto wao wenyewe badala ya kampuni. Tofauti kati ya visa viwili haikuwa kwamba wa pili hawakufungiwa. Walifungiwa.

Tofauti ilikuwa katika kile kilichobaki nje ya mlango. Jedwali la fomu lilikuwamo kwenye laptopu ya kamati. Katibu, mwanamke aliyekuwa mwalimu na asiyependa kuamini kitu asichokishika, alikuwa akipakua data kila mwisho wa mwezi ili atoe nakala ya afisa wa uvuvi, na faili zote alikuwa nazo, zinafunguka kwa programu yoyote ya majedwali. Fomu ambazo hazijatumwa zilikuwamo kwenye simu, bado zinaonekana moja moja. Walifungua akaunti mpya, wakapandisha jedwali lile lile, wakazielekeza simu huko. Zile ambazo hazikuwa zimetumwa karani alizijaza upya huku akizitazama za zamani, akinung'unika. Kilichopotea ni siku chache za picha.

Baadaye waliweka taratibu. Barua pepe ni ya kamati, na namba iliyofungamanishwa nayo inakaa kwenye simu ya ofisi. Paswadi iko kwenye bahasha mbili, moja kwa mweka hazina na moja kwa imamu, ambaye hana hisa kwenye boti yoyote. Upakuaji wa kila mwezi umeandikwa kwenye majukumu ya katibu, awe nani. Na jumla za mwezi huchapishwa zikabandikwa ukutani, ili nahodha aliyedhulumiwa kilo aseme mapema. Kati ya haya yote hakuna hata moja linalotokana na programu.

Gharama halisi

Nimesema programu huria ndiyo iliyowagharimu, na sikutia chumvi. Huduma ya Kobo yenyewe, kwa kiwango chao kidogo, hawailipii. Ina ukomo wa mwezi ambao bandari ndogo haiufikii. Lakini bando ni lao. Simu ni zao, na simu gatini hazidumu: maji ya chumvi huanza na tundu la chaji. Karani, ambaye zamani aliandika alipopata nafasi, sasa anasimama gatini tangu chombo cha kwanza hadi cha mwisho, na alidai aongezwe. Alikuwa na haki.

Kamati ilikata senti kidogo kutoka kwenye ushuru wa kila kilo. Tajiri mmoja alikataa kulipa akisema hakuagiza simu, na kwa muda alishushia samaki wake bandari ya pili. Alirudi kusi ilipokwisha, kwa sababu zake. Mradi wa kwanza ulilipa kila kitu, na labda ndiyo maana hakuna aliyeuliza maswali magumu. Mtu anayekatwa senti kwenye kilo huuliza kila mwezi hizo simu zinafanya nini, na katibu analazimika kuwa na jibu.

Kuhusu lugha

Programu ya kukusanya data kwenye simu ina Kiswahili chake, kilichotafsiriwa na watu wa kujitolea, na hapa na pale Kiingereza kilijitokeza kwa sababu maneno mapya yameongezwa na tafsiri haijayafikia. Hili si geni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, jambo la kujivunia kwa wakati ule. Lakini programu hubadilika toleo baada ya toleo, na tafsiri inayofanywa mara moja kwa fedha ya mradi huanza kuzeeka siku ile ile inapozinduliwa.

Binti wa katibu, mwanafunzi wa chuo, aliorodhesha sentensi zilizomsumbua karani, akajisajili kwenye mfumo wa watafsiri na kuzituma. Baadhi zilikubaliwa, nyingine bado zinasubiri kupitiwa. Ndiyo mara pekee katika kisa hiki kizima ambapo kitu kilitoka Lamu kwenda kwenye programu yenyewe. Ni kidogo, na haikuombwa na mfadhili yeyote.

Linalobaki mezani

Sasa kuna maombi mawili. Mtafiti anataka rekodi za misimu yote iliyopita, na kamati imekubali kumpa kwa sehemu za bahari tu, bila majina ya manahodha, baada ya mkutano na si kabla. Hilo linaendelea vizuri.

La pili linatoka kwa vijana wanaotaka bandari iwe na seva yake yenyewe, kwa kutumia ODK Central, programu ya seva ya ODK, ili isitegemee seva ya mtu wa mbali. Wananiletea hoja zangu mwenyewe: mlisema tusiwe wapangaji. Kwa haki ya leseni wanaweza kuanza kesho. Lakini seva inataka anwani ya mtandao inayolipiwa kila mwaka, masasisho ya usalama, nakala za akiba zinazojaribiwa kweli, na mtu wa kuamka inapozimika usiku. Mtu huyo leo hayupo, na vijana watatu wanaoweza kujifunza kazi hiyo wawili wao wanasubiri viza. Rai niliyowapa ni wabaki kwenye seva ya Kobo, waendelee kupakua kila mwezi, na mara moja kila msimu wapandishe jedwali lao na data ya majaribio kwenye huduma nyingine ili wajue njia ya kuhamia ingali wazi. Jaribio la kwanza limepangwa kabla ya kaskazi, na katibu ameshasema atalisimamia yeye, si vijana.